Puli ya mashine ya kusaga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la vipuri Tanga mjini ukaomba puli ya mashine ya kusaga, utaulizwa: ya inchi ngapi? Wengi hujibu kwa kukisia, na hasara huanzia hapo. Puli isiyo kipimo chake ni mbovu hata ikiwa ya chuma kizuri namna gani. Piga hesabu kwanza, ubora ufuate.

Soma kibati cha mota na kibati cha kinu, yaani kile kipande cha bati kilichoandikwa vipimo vya mashine. Tuchukue mota ya nguvu za farasi 10 yenye mizunguko 1440 kwa dakika, na kinu cha nyundo (vipande vya chuma vinavyozunguka na kuponda nafaka) kinachotaka 3000, chenye puli ya inchi 5. Mizunguko ya mota mara puli yake ni sawa na mizunguko ya kinu mara puli yake. Kwa hiyo puli ya mota ni 5 × 3000/1440. Gawa juu na chini kwa 120, sehemu inabaki 25/12. Mara 5 unapata 125/12, yaani inchi 10 na 5/12.

Kosa linalorudiwa sana ni kuipindua sehemu. Ukiweka 12/25 utapata inchi 2 na 2/5, na hapo jiulize: kinu kiende mbio kuliko mota, halafu puli ya mota iwe ndogo? Anayekwenda mbio ndiye mwenye puli ndogo. Jibu likipingana na hilo, rudia.

Sasa, inchi 10 na 5/12 haipo dukani. Utakuta 10 au 12. Chukua 10. Kwenye karatasi inatoa mizunguko 2880, lakini mkanda haukai ukingoni mwa puli, unazama kwenye mfereji. Kwa mkanda wa B (B ni alama ya saizi ya mkanda) ondoa kama milimita 8 kwenye kipenyo cha kila puli: 254 (inchi 10) inakuwa 246, na 127 (inchi 5) inakuwa 119. Uwiano unapanda kidogo, kinu kinafika karibu 2980. Ukiondoa utelezi wa mkanda, umebaki jirani kabisa na 3000.

Usishawishike na ile ya 12 kwa ahadi kwamba "itasaga haraka." Kwa hesabu hiyohiyo ya mfereji itakipeleka kinu karibu 3600, yaani mara 1.2 ya kasi yake. Nguvu inayozivuta nyundo kutoka kwenye pini zake hukua kwa kasi mara kasi, hivyo inakuwa mara 1.44. Feni inayopuliza unga hudai nguvu ya mota karibu mara 1.7. Mota inachemka, beringi zinalia, na pini ikikatika nyundo inaruka ikiwa imefungiwa ndani ya bati tu. Hapa hatuna simile: kasi iliyoandikwa kwenye kibati cha kinu haivukwi.

Wenye injini ya dizeli watumie mizunguko ya kibati cha injini. Kwa 2200 sehemu ni 15/11, puli inatoka inchi 6 na 9/11. Nunua 7 na uishushe injini kidogo.

Kipimo kikishapatikana, hivi ndivyo tunavyozipanga puli zenyewe.

Ya kwanza ni puli mpya ya chuma cha kusubu, mifereji ya B. Kwa farasi 10 isipungue mifereji mitatu. Miwili itaendesha, lakini mikanda itaungua mapema mahindi yakija kwa wingi. Shafti ya mota ya ukubwa huu mara nyingi ni milimita 38, yenye kii (kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti) ya milimita 10. Pima yako kwa venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, usitegemee macho. Tundu likiwa dogo, mkerezaji atalipanua. Likiwa kubwa, iache. Kujaza pengo kwa kipande cha bati kunaipeleka puli upande, na mtikisiko hautaisha.

Ya pili ni ya chuma hichohicho iliyokwisha kutumika. Ni ununuzi mzuri ukiwa na subira ya kukagua. Nenda na kipande cha mkanda mpya wa B, ukilaze mferejini. Mgongo wake uwe sawa na ukingo wa puli. Ukizama, au sakafu ya mfereji ikiwa inang'aa, mfereji umeliwa: mkanda unagusa chini badala ya kubana ubavuni, nao utateleza. Igonge pia kwa spana. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti butu.

Ya tatu ni ya alumini. Ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu, jambo linalowavutia watu wa pwani. Lakini chumvi ya upepo wa bahari huila pale inapokutana na shafti ya chuma, na njia ya kii hupanuka kwa sababu ni laini. Kwa mashine ndogo ya kukuna nazi inatosha kabisa. Kwa kinu, hapana.

Ya kuchomelea kutoka vipande vya bati nene tunaiweka mwisho. Haizunguki sawasawa, na kwenye shafti ya mizunguko 3000 kasoro ndogo inaua beringi.

Mikanda nunua mitatu mipya kwa pamoja, namba ileile. Ukichanganya na wa zamani, mpya ndio utabeba mzigo wote peke yake. Namba baada ya B ni urefu wa ndani kwa inchi. Shafti zikiwa inchi 24 kati kwa kati, hesabu inatoa karibu 69. B70 inafaa, ukirudisha mota nyuma nusu inchi. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole: ushuke kama milimita 10. Baada ya siku ya kwanza ya kazi utakuwa umevutika, kaza tena.