Uzoefu wangu: kliniki ya hisani upande wa Micheweni, Pemba

Huduma ni bure, dawa aghalabu zipo, na wauguzi wana subira. Hayo wengi wanayajua. Nataka kusema habari ya jengo na vifaa, maana hivyo ndivyo vinavyoamua kama utarudi na majibu au utarudi mikono mitupu.

Baraza ya kusubiria ni pana, imeezekwa, na hewa inapita moja kwa moja kutoka dirisha hadi dirisha. Kwenye chumba chenye wanaokohoa na watoto wachanga, hiyo inashinda feni. Mwenye kikohozi akakae nje chini ya mti wa mkungu. Hakuna atakayemwambia, lakini ndivyo inavyofaa.

Mkungu huo huo ndio unaoharibu maji ya mvua yanayokingwa paani. Majani yake yanaziba gata. Paa ni kiasi cha mita 10 kwa 8, kwa hivyo mvua ya milimita 10 ingeleta karibu lita 800, ila maji mengi yanamwagikia ukutani. Tena bomba linaingia tangini moja kwa moja, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi inabeba kinyesi cha ndege na vumbi lote la mabati. Kipande cha bomba cha kuteremkia chini, cha kupokea maji hayo machafu ya mwanzo kabla ya tangi, chenye kizibo cha kufungua mvua ikishapita, kingemaliza tabu hiyo. Huku ardhi ni ya mawe, na kisima chao kina chumvi. Kinafaa kupigia deki tu. Kwenye kaskazi, tangi likikauka, mikono inanawiwa kwenye ndoo yenye koki. Miezi hiyo chukua maji yako ya kumezea dawa.

Chumba cha chanjo nakipa maksi zote. Friji ni ya sola, na karatasi ya joto imebandikwa mlangoni, inajazwa asubuhi na jioni: baina ya nyuzi 2 na 8. Sikuona chupa ya maji ya kunywa humo ndani, na hilo ni jema, maana mlango ukifunguliwa kila mara kwa ajili ya maji, joto hupanda. Kabla ya kupanga sanduku la kubebea chanjo, muuguzi huviacha vipakiti vya barafu nje mpaka akivitikisa asikie maji yanacheza. Sababu ni kwamba chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini aina ya B ikiganda imekufa, hata kama kwa macho haina kasoro.

Kipimo cha haraka cha malaria hufanyiwa kwenye meza iliyo chini ya saa ya ukutani. Tone la damu, matone ya dawa, kisha dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, 15 au 20. Usimharakishe mpimaji, wala usikubali kipimo kilichosahauliwa mezani kisomwe baadae, kwani mstari wa majibu unaweza kudanganya. Ukikutwa nayo, toa nambari ya simu inayopatikana na utaje shehia yako (eneo dogo la utawala unakoishi) sawasawa: Zanzibar mgonjwa hufuatwa hadi nyumbani, na wa nyumbani nao wakapimwa.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kipimo cha kichocho. Choo ni kimoja kwa watu wote, hakina hata kishubaka cha kuekea kopo la mkojo, kwa hivyo linatua kwenye sakafu iliyorowa. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, lakini dirisha la maabara linaacha kupokea makopo saa 5! Anayewahi alfajiri ili awe wa mwanzo anajipunja. Fika saa 4, na usiyaache matone ya mwisho, maana damu na mayai hukaa zaidi huko.

Dawa ya kichocho wanampimia mtoto kwa urefu, kwa alama zilizopigwa rangi ukutani. Sakafu imemwagwa saruji mpya, alama hazikupandishwa, basi kila mtoto anaonekana mrefu kuliko alivyo, na huenda akapewa dawa kupita kiasi. Mzani upo, omba apimwe uzito, kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kilo. Mpe chakula kwanza, vyenginevyo huenda akatapika.

Ijumaa wanafunga mapema kwa ajili ya sala, na dirisha la dawa ndilo linalotangulia kufungwa.