Estrojeni ya kumeza au ya kubandika: kotisoli inasemaje?

Shangazi yangu wa Langoni, Lamu, alirudi na karatasi ya maabara imekunjwa ndani ya buibui. Kotisoli, homoni inayotolewa na tezi za juu ya figo, iko juu. "Mwanangu, hizi tezi za juu ya figo zimeniharibikia?" Nikamuuliza anameza nini. Vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, kwa ajili ya joto la kukoma hedhi.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kidonge kikitoka tumboni hupitia ini kwanza, na ini likipata estrojeni nyingi kwa mkupuo hutengeneza zaidi ile protini inayobeba kotisoli kwenye damu. Wabebaji wakiongezeka, kotisoli iliyobebwa huongezeka pia, na kipimo cha kawaida huhesabu yote pamoja. Ile iliyo huru, inayofanya kazi mwilini, kwa mtu mwenye afya haibadiliki sana. Tezi hazina kosa.

Plasta ya ngozini hupeleka homoni moja kwa moja kwenye damu, ini halishtuliwi, na protini ile hubaki karibu ilivyokuwa. Hatari ya damu kuganda nayo ni ndogo kuliko ya vidonge. Kero yake ni jasho: kwa joto letu la kaskazi, ncha hubanduka.

Mimi ningechagua plasta. Anayebaki na vidonge amwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Huenda akaambiwa aviache kama wiki 6 kwanza, au apimwe kotisoli ya mate, ambayo ni ile huru. Asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe.