Timepix3: nanosekunde 1.56 za kwenye karatasi, na zile zinazopatikana mezani

Maabara inayotaka chipu ya kusomea kitambuzi cha chembe, na haina miaka ya kukaa ikisanifu ya kwake, mara nyingi huishia kwa Timepix3. Ilisanifiwa na CERN (maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya), Nikhef (taasisi ya fizikia ya chembe ya Uholanzi) na Chuo Kikuu cha Bonn kwa CMOS, teknolojia ya kawaida ya kutengenezea chipu, ya nanomita 130. Ina pikseli 256 kwa 256, kila moja mikromita 55 kwa 55, jumla kama sentimita 2 za mraba. Peke yake haioni chembe. Hubandikwa sensa juu yake, kwa kawaida silikoni ya mikromita 300 au 500, kwa vitone vya lehemu, kitone kimoja kwa kila pikseli.

Sifa yake kubwa ni kwamba haingoji kuitwa. Timepix ya kwanza ya 2006 ilipiga picha nzima kisha ikasomwa, na kila pikseli ilikulazimu uchague: ipime wakati au ipime nishati. Timepix3 hupima vyote viwili. Pikseli iliyoguswa hutoa pakiti ya biti 48 yenye mahali, wakati wa kufika, na muda ambao ishara ilikaa juu ya kizingiti, yaani kiwango cha chini cha ishara kinachohesabiwa; muda huo ndio kipimo cha nishati. Ambazo hazikuguswa hukaa kimya.

Kasi inayotajwa ni miguso milioni 40 kwa sekunde kwa kila sentimita ya mraba. Pigeni hesabu kabla ya kununua kadi ya kusomea: kwa chipu nzima hiyo ni karibu milioni 80, mara biti 48, yaani gigabiti 3.8 kwa sekunde. Ongeza usimbaji wa 8b/10b, ambao hutuma kila biti 8 kama biti 10, na unakaribia 4.8, ndiyo maana chipu ina njia nane za megabiti 640 kila moja. Kadi yenye waya wa mtandao wa gigabiti moja haiwezi hata kwa nadharia kuvuka milioni 21 kwa sekunde. Kwa vyanzo vidogo vya mionzi hiyo yatosha na kubaki. Kwenye mwale wa kasi, tafuteni mfumo wa gigabiti 10 kama SPIDR ya Nikhef.

Sasa tuje kwenye wakati, ambako wengi hujikwaa. Saa kuu ni ya megahezi 40, hatua ya nanosekunde 25. Pikseli ikiguswa, kitetemeshi cha megahezi 640 kinachotumiwa na pikseli nane huamka na kuhesabu hadi pigo linalofuata la saa kuu. Kwa hiyo hesabu ndogo, ya kitetemeshi, *hutolewa* kwenye hesabu kubwa, ya saa kuu; haijumlishwi: wakati = kubwa × 25 − ndogo × 1.5625. Aliyejumlisha huona grafu yenye meno kama msumeno na kuilaumu chipu. Hesabu kubwa ina biti 14 tu, hivyo hurudi sifuri kila mikrosekunde 409.6, na pakiti hazitoki kwa mpangilio wa wakati. Programu isiyorefusha saa na kupanga upya haifai, hata iwe na madirisha mazuri namna gani.

Hiyo 1.56 ni ukubwa wa hatua, si usahihi wa kipimo. Chaji ndogo hupanda polepole na kuvuka kizingiti ikiwa imechelewa. Tuseme kizingiti ni elektroni 1,000, sawa na keV (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati) 3.6 kwenye silikoni. Chembe ikipita, pikseli ya katikati hupata chaji nyingi na kuandika wakati sahihi. Jirani aliyepata elektroni 1,300 huandika wakati uliochelewa kwa nanosekunde nyingi, ingawa chembe ni ileile. Dawa ni kuchora grafu ya ucheleweshaji dhidi ya muda juu ya kizingiti, kisha kuuondoa ucheleweshaji huo pikseli kwa pikseli. Bila hatua hiyo mmelipia saa nzuri na kuiacha sandukuni.

Nishati nayo inadai kazi. Sawazisheni kwanza vizingiti kwa biti 4 za kila pikseli. Kisha tumieni miali ya X ya shaba (keV 8) na ya amerisi-241, chanzo cha mionzi (keV 59.5), mkichukua miguso ya pikseli mojamoja tu. Uhusiano ni mstari ulionyooka kwa nishati kubwa, lakini hupinda karibu na kizingiti, hivyo kila pikseli inahitaji namba nne. Msikimbilie: miali mingi ya keV 59.5 hupenya mikromita 300 bila kukamatwa, na pikseli ni 65,536. Mkibadilisha Ikrum baadaye, mkondo unaoamua ishara ishuke kwa kasi gani, kazi yote inaanza upya.

Joto lisidharauliwe. Likipanda, kizingiti kinahama pamoja nalo. Ndani ya ombwe, chipu isiyo na njia ya shaba ya kutolea joto haifai kuwashwa. Funikeni sensa isipate mwanga. Nyuzi za kuunganishia zilizo upande mmoja wa chipu zisiguswe hata kwa brashi.

Nyuzi hizohizo huzuia kupanga chipu zaidi ya safu mbili bila pengo. Anayehitaji eneo pana, au hatua ya pikosekunde 195, aangalie Timepix4 yenye pikseli 448 kwa 512, inayopangika pande zote nne. Kwa darubini ya mwale (safu za vitambuzi zinazofuata njia ya chembe), chemba ya gesi au kupiga picha za neutroni, Timepix3 bado inatosha, mradi bajeti iwe na miezi ya mtu wa kuisawazisha.