Boksi la chini ya meza, Mwanjelwa

Ukipita Mwanjelwa, jijini Mbeya, kutafuta riwaya za zamani, usiishie kwenye vitabu vya mitihani vilivyopangwa mbele. Mwombe kijana anayeuza avute boksi la chini ya meza. Mimi nilitoka na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kwa shilingi 4,000. Alianzia 6,000.

Nimekuwa bwana afya miaka 26, na mwandishi huyu namhesabu mwenzangu. Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918, akaajiriwa kuwa mkaguzi wa afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akaenda jarida la Mkulima hadi alipostaafu 1968. Riwaya hii ilishinda shindano la uandishi kabla ya kuchapwa 1960.

Ukaguzi haukumtoka. Aliyezoea kuingia nyuani kwa watu na kuangalia kama mtungi umefunikwa ndiye wa kumuumba Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake: maiti imekutwa kwenye mzimu, mahali pa kutambikia, watu wanataja mizimu, yeye na kiko chake anatafuta mkono wa binadamu. Huku kwetu pia mtu akifa ghafla, uchawi hutajwa kabla kaburi halijachimbwa. Nimekaa kwenye misiba Rungwe nikayasikia hayo, na kisima cha nyumba ya msiba kiko hatua kumi kutoka chooni. Kwa hiyo nakisoma kitabu hiki kama mtu aliyekuwepo.

Kijana mwenyewe ana adabu. "Shikamoo mzee, kaa kwanza usome," akanipa kigoda, na baridi ile ya Julai, wala hakunihimiza. Kabla sijalipa alinionyesha karatasi mbili zilizoachia gundi. Wachache wangesema.

Kilichoniudhi ni bei. Ameiandika kwa maka peni kwenye ukurasa wa jina, wino ukapita juu ya "Abdulla" na kutokea upande wa pili. Mtu aliyeandika riwaya miaka yote ile, jina lake lifutwe na 6,000! Nikamwambia, "Mwanangu, tumia penseli, tena nyuma." Akaitikia, "Nimekuelewa, mzee wangu," akachukua penseli sikioni, akaanza na kitabu kilichofuata.

Nimemwagiza Kisima cha Giningi, riwaya nyingine ya Abdulla. Jumamosi narudi kuangalia.