Nimelipia shakevale, nimepelekwa kwenye mapipa ya mvinyo

Nimeandika mara mbili nikafuta, maana hasira zilikuwa zinaniandikia.

Mimi na shangazi yangu tumetoka Muscat mpaka Batumi, Georgia, kwa ajili ya ndege. Si ndege za kupanda, ndege wa angani, wale wenye makucha, jamaa za mwewe kama shakevale, wanaohama kila vuli. Shangazi ni mtu wa Unguja, alinicheka tangu nakata tiketi. "Unalipa pesa ukamtazame mwewe? Sisi tukimpigia makopo aondoke, na vifaranga tukiwafunika tenga."

Ilikuwa mwisho wa Septemba, au Oktoba ilishaingia, sikumbuki. Kampuni ya utalii, jina naliacha, ilituahidi siku nzima mlimani na mwongozaji anayewajua ndege. Asubuhi ikanyesha. Mwongozaji akatazama juu mara moja tu, akasema mvua ikinyesha hakuna ndege, akageuza gari.

Hapo sigombani naye. Shakevale hapendi kuchoka. Anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, anazunguka humo bila kupiga bawa, akifika juu anajiachia anateleza mpaka penye hewa nyingine. Ndiyo maana wanaikwepa bahari, na ndiyo maana Batumi wanajaa: huku Bahari Nyeusi, huku milima, njia imekuwa kama uchochoro. Ukijumlisha wenye makucha wa kila aina, wanapita zaidi ya milioni moja kila vuli. Mvua ikinyesha hiyo hewa haipo, ndege anatua anasubiri. Sawa. Lakini mtu anayekula kwa kazi hii anajua na nusu ya pili: waliozuiwa wote huondoka kwa pamoja mbingu ikifunguka.

Tukapelekwa wapi? Kwenye ghala la mvinyo. Shangazi na buibui lake katikati ya mapipa! Akapewa glasi, akauliza hii nini, akaambiwa ni zabibu tu. Nilimpokonya kabla haijafika mdomoni. Mwongozaji anacheka na mwenye duka, mkate wa jibini na yai uko mbele yake, na mimi si mtoto, cha juu nakijua nikikiona.

Nikatoka uani. Mvua imekata. Nikainua macho, nikaona kitu kama chamchela cha vumbi, ila vumbi lenyewe lina mabawa. Wanazunguka, wanapanda, wa juu kabisa wanachomoka mmoja mmoja kuelekea kusini, na chini wengine wanaingia. Kwa macho matupu ni nukta tu. Darubini ziko kwenye buti, buti limefungwa, ufunguo anao yeye. Nikarudi ndani nikamwambia twende. Hakuinua hata uso: "Tulia, bibie. Ndege hawaendi popote."

Ndege wanaohama! Walioko safarini kwenda Afrika! Hawaendi popote!

Tulipofika mlimani palikuwa peupe.

Kesho yake tulikodi teksi wenyewe mpaka kijiji cha Sakhalvasho. Pale juu kuna watu wanaowahesabu ndege hao tangu 2008, wao na wenzao wa Shuamta, kila mtu na kidude cha kubonyeza mkononi. Shangazi akawatazama, kisha akatoa tasbihi yake, kila ndege punje moja. Imezunguka mara tatu akapotea hesabu, kijana mmoja wa pale akacheka mpaka akavua kofia. Akamwekea darubini yake kubwa usawa wa macho.

Halafu mmoja akapita chini yetu. Chini, wallahi, tumeona mgongo wake, mkia rangi ya kutu, na kichwa alikigeuza akatukagua. Shangazi kanyamaza. Baadaye: "Huyu ndiye anayekuja kwetu?" Nikamwambia wengine wao hupita juu ya Kenya na Tanzania, wanashuka mpaka Afrika Kusini. "Basi na apite. Asishuke Bububu, kuku wangu wako nje."

Kwa hiyo nisemeje? Nilikaa niandike msiende. Nendeni, jamani. Ila msipande gari la kampuni, teksi inatosha, na mvua ikinyesha kaeni hapo hapo mlimani na mwavuli wenu. Tena yule bwana asingeniudhi, hiyo teksi nisingeitafuta, pengine anastahili nyota mbili... Hapana. Moja.

Maana juzi wamenitumia ujumbe wa kuomba tano, na picha ya kumbukumbu. Si ndege hata mmoja. Ni shangazi, kashika glasi, anatabasamu. Na wameshaiweka kwenye ukurasa wao. Mjomba akiiona nitamweleza nini?