Rangi ya rimu za pikipiki: anza na ukingo unaoguswa na leva

Malalamiko ya madereva wa bodaboda waliobadilisha rangi ya rimu zao za spoti yanafanana mno. Rangi hutoka kwa fundi ikiwa safi, hung'aa na kusifiwa kijiweni, kisha baada ya pancha mbili tatu huanza kubanduka ukingoni mwa rimu, na kutoka hapo huendelea kujivua yenyewe kuelekea katikati. Lawama huangukia fundi wa rangi au mvua za masika. Mimi naona kosa huanzia dukani, kwa sababu mnunuzi huuliza rangi ipi inang'aa zaidi na kusahau kuuliza itakuwaje siku chuma kitakapopita juu yake.

Pancha huku kwetu huzibwa kando ya barabara. Fundi hulikanyaga tairi mpaka liachane na rimu, hupenyeza leva mbili za chuma, huegemeza ya kwanza kwenye mdomo wa rimu na kuizungusha ya pili, na nguvu zake zote huishia kwenye ukanda mwembamba wa alumini. Hata fundi mwangalifu anayetanguliza kipande cha tyubu kuukuu chini ya leva huacha alama. Alama yenyewe haidhuru sana. Kinachodhuru ni kinachofuata. Maji, na zaidi maji yenye chumvi kwa sisi tunaoishi pwani, hupita kwenye mkwaruzo, huila alumini chini ya rangi na kuacha unga mweupe unaoinyanyua rangi kidogo kidogo. Kwa hiyo ninapanga rangi hizi kwa kipimo kimoja: jeraha la leva likitokea, litabaki dogo, na je, mwenye pikipiki anaweza kuliziba?

Nafasi ya kwanza naipa rangi ya magari yenye hadena, yaani kemikali inayochanganywa na rangi ili iwe ngumu, iliyopakwa juu ya praima ya epoksi (rangi ya chini ya kushikisha) na kumaliziwa kwa klia, ile ya juu inayopenyeza mwanga, yenye hadena pia. Ikishakauka vizuri, petroli na dizeli ya kuoshea mnyororo haziilainishi kwa urahisi, lakini sifa iliyonishawishi ni kwamba inatibika. Mkwaruzo unasuguliwa kwa msasa mpaka kingo zake zilainike, unafutwa mafuta, unapakwa praima kwa brashi ndogo, kisha rangi na klia, na rimu inarudi kazini bila kuvuliwa beringi. Praima ndiyo inayobeba kazi yote, kwa kuwa alumini iliyo wazi hujifunika utando wa oksidi ambao rangi haiushiki. Ipo pia praima ya asidi inayofaa kwa kazi hiyo, ila asiwepo fundi wa kukupakia epoksi juu ya praima ya asidi kwa madai ya kuongeza nguvu. Mabaki ya asidi yanaweza kuizuia epoksi isikauke ipasavyo. Chagua moja.

Kwa upande wa chapa sifichi upendeleo wangu: klia ninayoiamini ni Permasolid ya Spies Hecker, kampuni ya Kijerumani ambayo leo iko chini ya Axalta pamoja na Standox. Standox nayo ni nzuri, na mtu akiikuta kwa urahisi zaidi asisite. Jambo moja lisipuuzwe kwa rangi yoyote ya aina hii: hadena yake ina isosianati, kemikali inayoweza kumwachia mpulizaji pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakiizuii.

Nafasi ya pili ni rangi ya unga, ile inayopulizwa kwa umeme na kuokwa kwenye tanuri. Wengi wangeipa ya kwanza, na kwa ugumu wa mwili mzima wa rimu wangekuwa na haki, kwani hupakwa kwa unene wa maikroni 60 hadi 80 au zaidi na hustahimili kokoto kuliko rangi nyingi za majimaji. Udhaifu wake uko pale pale ukingoni. Leva ikishaikata, utando huo mnene hunyanyuka kama ganda, na kiraka cha unga hakiwezekani bila kuivua rimu yote na kuirudisha tanurini. Karakana nyingi zinazofanya kazi hii, isitoshe, zimejengwa kwa ajili ya madirisha na mageti. Kabla ya kuwakabidhi rimu, uliza kama unga wao ni wa poliesta, kwa maana unga wa epoksi tupu hufifia na kuwa kama chaki juani. Uliza pia kama rimu itaokwa kwanza ikiwa tupu, kwa sababu alumini ya kuyeyushwa na kumiminwa hubeba hewa kwenye vinyweleo vyake, na hewa hiyo ikitoka wakati rangi inaiva huacha vitundu ambavyo maji huvitumia kama mlango. Joto lisizidi lile la unga wenyewe, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa muda mfupi, maana joto likizidi au likikawia hupunguza nguvu ya alumini iliyotiwa uimara kiwandani.

Iwe ya unga au ya majimaji, rangi isiingie mahali beringi zinapokaa, ndani ya ngoma ya breki, wala kwenye uso unaofungwa diski. Rangi nene chini ya boliti hubonyea, na boliti hulegea.

Rangi ya kawaida ya kopo la kupuliza, isiyo na hadena, ni ya kupendezesha pikipiki unayotaka kuiuza. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiidondokea huilainisha ukiyatazama. Ile ya mpira inayobanduliwa kama ngozi haivumilii petroli. Kopo pekee ninalolikubali ni SprayMax 2K, ambalo hadena yake imo ndani na huachiliwa kwa kubonyeza kitufe chini ya kopo.

Linalonikera zaidi ni wauzaji. Hadena hupimwa kutoka kwenye debe lililokwisha kufunguliwa, humiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na jina wala tarehe, na mnunuzi akiuliza uwiano huambiwa «weka kidogo tu». Hadena hula unyevu wa hewani na kuharibika, na hewa ya Dar es Salaam haina uhaba wa unyevu. Ikiwa na ukungu au vipande vilivyoganda, usiipokee hata kwa nusu bei. Klia nyingi huchanganywa vipimo viwili kwa kimoja cha hadena, lakini karatasi ya kiwanda ndiyo ya kufuata. Duka likikataa kufungua ujazo mdogo mbele yako, tafuteni wenzenu wawili watatu wa kijiwe kimoja, nunueni lita ya klia na hadena yake zikiwa na lakiri, na rimu zote zipulizwe siku hiyo hiyo.