Kichomi cha Kezilahabi: nimekisoma tena, na nasema tena ni ushairi

Wiki iliyopita nimenunua tena Kichomi pale Mwanjelwa, kwa jamaa anayetandaza vitabu chini kwenye turubai, elfu tano, kava limechanika pembeni na kurasa mbili tatu zilishaingia maji lakini zinasomeka zote. Kopi yangu ya kwanza nilimwazima mtu, hajarudisha mpaka leo. Na hii baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba unajifunika blanketi unasoma tu, siku mbili nikawa nimemaliza, sasa nataka niongee maana nimechoka kusikia huyu mzee wetu anavyosemwa.

Kwa wasiokijua, Euphrase Kezilahabi ni mtu wa Ukerewe, kazaliwa 1944, hii diwani yake ya mashairi imetoka 1974 akiwa na miaka 30 tu. Mashairi yake hayafuati vina, yani silabi zinazofanana sauti, wala mizani, yani hesabu ya silabi kwenye mstari, na hiyo ndo kesi aliyobebeshwa toka siku hiyo mpaka amefariki Januari 2020 na bado haijaisha. Washairi wa jadi walichachamaa kwelikweli. Na walikuwa na pa kusimamia, sheria za kutunga zilishaandikwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi toka 1954, mtu anajua tarbia ni mistari minne kila ubeti, mizani 16 kila mstari, nane huku nane kule, kina cha kati na kina cha mwisho, sasa anakuja kijana wa chuo kikuu anaweka mstari wa maneno mawili anasema hili nalo shairi.

Mi mwenyewe natunga tarbia mpaka kesho, siwadharau wazee hata kidogo. Lakini Kezilahabi ndo alinifanya niandike. Nilipokuwa fomu two nilimpelekea mwalimu daftari langu la mashairi huru, akanirudishia kaandika juu kwa wino mwekundu kwamba hizi ni insha zimekatwakatwa. Nilikaa karibu mwaka mzima sijaandika kitu.

Sasa niseme kitu ambacho anayetunga anakijua. Vina na mizani vinaficha. Kuna shairi langu moja la baridi, nilikuwa na "baridi kali", hiyo ni mizani tano, nahitaji nane, nikaandika "baridi kali jamani". Hakuna mtu nilikuwa namwita hapo, nilikuwa natafuta mizani tatu, na msikilizaji hawezi kujua maana sauti imekaa sawa. Wengi wetu tunafanya hivyo, mara jamani, mara hakika, mara ndugu zangu. Ukiondoa vina na mizani hiyo "jamani" haina pa kujificha, kila neno linaulizwa umekuja kufanya nini hapa. Kwahiyo anayesema Kezilahabi alikimbia ugumu ajaribu yeye, aandike mistari kumi tu bila kina halafu aisome mbele za watu.

Chukua "Kisu Mkononi". Mtu amesimama na kisu, miaka yake inaondoka mmoja mmoja na hawezi kuirudisha, anajiona kama gurudumu kwenye mteremko mkali, linabiringika tu na mwisho wake haujulikani. Mimi hilo shairi nililielewa kwenye mteremko wa Kitonga. Nilikuwa kwenye basi tunashuka kwenda Dar, mbele yetu lori limejaa, harufu ya breki inaingia dirishani, na basi zima ambalo toka Makambako lilikuwa linapiga stori likanyamaza ghafla, mama niliyekaa naye kashika siti ya mbele kwa mikono miwili vidole vimekuwa vyeupe. Nikalikumbuka shairi palepale. Mistari yake ni mifupi, inakatika, inakuja mingine haraka, huwezi kupumzika katikati, yani inashuka kama lile basi. Hayo ndo mapigo yake! Hayahesabiki kwa vidole lakini yapo, ukisoma kimoyomoyo utayakosa, soma kwa sauti.

Alafu hili la kusema ushairi bila vina ni mambo ya Wazungu huwa linaniuma sana. Bibi yangu wa Tukuyu alikuwa anaimba nyimbo za msibani kwa Kinyakyusa, hazina kina cha kati wala cha mwisho, mstari unaishia pale pumzi inapoishia, na watu wazima wanalia. Bibi hakuwahi kusoma kitabu cha Mzungu yeyote. Kezilahabi kwenye utangulizi wake alisema anataka lugha wanayoongea watu kila siku, mi naona alikuwa anarudi huko kwa bibi zetu.

Sisemi hana makosa. Kuna mashairi humu yanahubiri, picha imeshakaa vizuri yeye anaongeza mistari ya kutueleza maana yake, hapo hata mi nilikuwa natamani angeacha. Na giza ni jingi, ukiwa na msiba au mawazo mengi kiweke kwanza.

Ila kama unatunga, au una mtoto sekondari anayeandika vitu vyake kwa kujificha, kitafute. Ukikipenda kuna diwani zake nyingine, Karibu Ndani ya 1988 na Dhifa ya 2008, hizo hapa Mbeya nimezunguka maduka sijazipata. Jamaa wa Mwanjelwa alibakiwa na Kichomi nyingine moja, haina kava kabisa, anasema elfu tatu.